Mgala na Haki Yake: Dhana ya Uwengine katika Mighani ya Fumo Liyongo

Utangulizi

Methali "Mgala muue na haki umpe" ni miongoni mwa methali ambazo watahiniwa huzitumia mara kwa mara katika insha. Maelezo yake yamezoeleka: hata mtu usiyempenda, mtambulie haki yake. Maelezo hayo si makosa, lakini yanaliacha swali moja bila jibu. Mgala ni nani? Mwanafunzi wa Kisii au Machakos anaweza kulipita swali hili bila hasara. Mwanafunzi wa Garsen hawezi. Kwake yeye, Mgala wa methali ni Mworma anayeketi naye dawati moja, au ni yeye mwenyewe.

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuitazama mighani ya Fumo Liyongo, ambamo Wagala wana nafasi kubwa, kwa msaada wa dhana ya uwengine kama inavyoeleweka katika anthropolojia. Uwengine ni hali ya mtu au jamii kuonwa kuwa tofauti na "sisi". Hoja yetu ni kwamba Wagala wa mighani hii ni "wengine" kwa sababu ya mahali alipoketi msimulizi, wala si kwa sababu ya tabia yoyote waliyozaliwa nayo. Tena, hatari inayomwangamiza shujaa haianzii kwa mgeni. Inaanzia kwa jamaa yake mwenyewe.

Uwengine katika anthropolojia

Anthropolojia ni taaluma inayomchunguza binadamu na tamaduni zake. Katika karne ya 19 wataalamu wengi wa taaluma hii walizipanga jamii kama vidato vya ngazi, Ulaya ikiwa juu na jamii nyingine chini yake. Franz Boas, aliyefanya kazi yake Marekani, aliupinga mpango huo. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1911 alishikilia kwamba tofauti za watu hutokana na historia na mazingira yao, wala si akili ya kuzaliwa. Bronisław Malinowski naye alisisitiza kwamba mtafiti sharti akae na watu, ajifunze lugha yao na ashiriki maisha yao ndipo awaelewe. Mmoja wa wanafunzi wake jijini London alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alichapisha Facing Mount Kenya kuhusu jamii yake ya Wagikuyu. Hapo aliyezoea kutazamwa akageuka kuwa mtazamaji.

Wataalamu wawili wa baadaye wanatufaa zaidi katika uhakiki huu. Wa kwanza ni Fredrik Barth wa Norway, ambaye mwaka 1969 alieleza kwamba kabila halitambulishwi na orodha ya mila zake bali na mpaka unaochorwa kati yake na jirani. Mila zinaweza kubadilika, watu wakavuka huku na huku, na mpaka ukabaki palepale. Wa pili ni Johannes Fabian, aliyepata pia kuandika kuhusu Kiswahili cha Kongo. Mwaka 1983 aliwalaumu wanaanthropolojia wenzake kwa mazoea ya kumweka mtu wanayemchunguza katika wakati usio wao, kana kwamba yeye anaishi "zamani" na wao wanaishi "leo", ilhali wameketi pamoja wakizungumza.

Kutokana na wawili hawa tunapata maswali mawili ya kuliuliza andiko lolote: Nani amechora mpaka? Na "mwengine" amewekwa katika wakati gani?

Wagala katika mighani

Mighani ya Liyongo imetufikia kwa njia nyingi. Edward Steere aliichapisha kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitunga kwa utendi mwaka 1913. Kwa watu wa Tana haya si mambo ya mbali. Mapokeo yanasema kaburi la Liyongo liko Kipini, mahali ambapo mto Tana huingia baharini.

Katika utendi, Wagala huja Pate kwa biashara. Wanasikia sifa za Liyongo na wanataka kumwona. Anapowasili anapuliza panda kwa nguvu ya kutisha, kisha anaufungua mkoba wake na kutoa vyombo vizito, vikiwemo kinu na mchi na mafiga, ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvibeba. Wagala wanashangaa, na wanaomba wapate mbegu ya mtu huyo. Liyongo anaozwa mwanamke wa Kigala, na anazaliwa mtoto wa kiume.

Hebu tulitumie swali la kwanza. Tukio hili lote linatazamwa kutoka Pate. Kazi ya Wagala hapa ni kushangaa, na mshangao wao ndio mizani ya kupimia ukubwa wa shujaa. Katika usimulizi uliozoeleka shuleni, hata mwanamke anayemzalia shujaa mwana hana jina. Mtahiniwa hodari ataona kwamba hii ni mbinu ya kisanaa: mgeni anatumiwa kama kioo ili mwenyeji ajione. Mtahiniwa asiye makini ataandika kwamba "Wagala walikuwa watu washamba", na atakuwa ameuchukua mtazamo wa Pate akaufanya ukweli wa historia.

Historia yenyewe inasema vingine. Hadi katikati ya karne ya 19, watu walioitwa Wagala na watu wa pwani walikuwa na nguvu kubwa katika bara iliyo nyuma ya miji hiyo, kati ya mto Juba na mto Sabaki. Miji ya pwani haikuweza kuwapuuza. Basi ndoa ya Liyongo inaweza kusomwa kama mapatano kati ya mji na bara, kati ya pande mbili zenye kuhitajiana. Jina lenyewe "Gala" lilitolewa na watu wa nje. Waoromo wanalikataa kwa kuwa ni la kudunisha, na jamaa zao wa Tana wanajiita Waorma. Mwalimu anapolitumia darasani hana budi kusema kwamba ni jina la andiko, wala si jina la jirani.

Wadahalo na mkoma

Kundi la pili la "wengine" ni Wadahalo, wawindaji wa mwituni ambao Liyongo anakimbilia kwao anapotafutwa na Sultani. Wanakaa naye kwa wema. Kisha Sultani anawaahidi fedha ili wamuue. Wanabuni hila ya kula kikowa kwa matunda ya mkoma: kila mtu apande mti kwa zamu yake, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo anaitambua hila hiyo. Anabaki chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake.

Ni rahisi kusema kwamba Wadahalo ni ishara ya usaliti. Lakini tuufuate mnyororo hadi mwanzo wake. Aliyetoa fedha ni Sultani. Na jaribio la mwisho linafuata njia ileile: Sultani anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye, mwana anaichunguza siri ya babake, na anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Hatimaye mwana huyo hapati alichoahidiwa.

Hapa ndipo pana mtego mkubwa kwa msomaji. Kwa kuwa mwana huyu ni wa mama wa Kigala, wapo watakaosema kwamba "damu ya mgeni" ndiyo iliyomsaliti shujaa. Usomaji huo hauna mashiko. Waliorubuniwa ni wa aina zote, wa mwituni na wa nyumbani, na mrubuni ni mmoja tu, naye ni jamaa ya Liyongo. Mighani inatuonyesha tamaa ya madaraka ikiwatumia watu wa kila upande wa mpaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tukigeukia swali la pili, la wakati, Wadahalo huchukuliwa na wasomaji wengi kuwa viumbe wa hadithi tu. La hasha! Kidahalo ni lugha ya Kikushi yenye sauti za kidoko, na wasemaji wake wachache wamekuwa wakiishi katika sehemu za Lamu na Tana River. Kuwasoma kama watu wa "hapo zamani za kale" pekee ni kosa lilelile alilolieleza Fabian.

Mpaka kando ya mto

Yapo maoni kwamba kumleta Barth hadi Garsen ni kuitwisha fasihi mzigo usio wake. Tunayaheshimu, lakini mazingira yenyewe yanatushurutisha. Watu wengi husema kwamba Tana River ina Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, basi. Lakini tazama Wamunyoyaya: lugha yao ni ya Kioromo, na kazi yao kwa desturi ni kilimo na uvuvi wa mtoni. Tazama Wamalakote: lugha yao ni ya Kibantu, na imeathiriwa sana na Kioromo. Lugha na kazi havifuati mstari mmoja. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliwaeleza Waorma wakiwa watu wa soko, maduka na mabadiliko. Baadaye alipowashirikisha katika mchezo wa kuchanga fedha kwa manufaa ya wote, wenyewe waliufananisha na harambee. Huyu si mfugaji wa "zamani".

Hata hivyo, mpaka ulipochochewa uliua. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika vijiji vya Tana Delta, Wapokomo kwa Waorma, wakiwemo watoto. Ugomvi ulihusu ardhi, malisho na malka, yaani njia za mifugo kufikia maji, na ulizuka siasa za uchaguzi wa 2013 zilipokuwa zikipamba moto. Mila hazikuwa chanzo; zilitumiwa kuwatambua wa kuuawa. Darasa linalofundishwa kwamba Mgala ni mtu wa kuuawa kwanza na kupewa haki baadaye linahitaji mwalimu mwenye hadhari. Katika methali hiyo uzito uko kwenye neno la mwisho: umpe. Anayestahili haki hawezi kuwa nje ya ubinadamu, na anayekiri hivyo hana tena sababu ya kutii sehemu ya kwanza.

Ushauri kwa mwalimu

Silabasi yetu ya fasihi simulizi inajumuisha utafiti nyanjani. Mbinu zinazotajwa humo, kama vile kushiriki, kuchunza na mahojiano, ni zilezile za wanaanthropolojia. Aghalabu mwanafunzi huenda kwa bibi yake mwenyewe. Mwalimu wa Garsen, Hola au Ngao anaweza kuwapanga wawiliwawili kutoka jamii tofauti, kila mmoja akusanye utanzu wa mwenzake na kuuliza wahusika wanaitwaje na wenyewe.

Mfano wa kuanzia upo tayari. Mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitokana na bembelezi ya Wapokomo. Kila shule inayouimba, iwe Kakamega au Garissa, inaimba sauti ya mama wa mto Tana akimlaza mtoto.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Wagala na Wadahalo wa mighani ya Liyongo wamechorwa kutoka upande mmoja wa mpaka, na kwamba mighani yenyewe inauvuka mpaka huo kwa ndoa, chakula na hifadhi. Msomaji asiyeuliza "nani anatazama?" atalirithi jicho la Pate bila kujua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jirani wa karne nzima anastahili zaidi ya jembe: anastahili kuitwa kwa jina lake.

Maswali

1. "Wagala ni kioo cha shujaa." Jadili kauli hii kwa kurejelea mighani ya Fumo Liyongo.
2. Eleza nafasi ya Sultani katika matukio ya usaliti, kisha utathmini dai kwamba wageni ndio waliomwangamiza Liyongo.
3. Simulia tukio la mkoma kutoka mtazamo wa Mdahalo mmoja. Ni mambo gani yanabadilika?
4. Fafanua matumizi mawili ya methali "Mgala muue na haki umpe", moja la kujenga na jingine la kubomoa uhusiano wa majirani.