Fundi Asiyekimbilia Spana

"Shikamoo, Mzee. Gia boksi imekufa," kijana alisema kabla hata hajazima Corolla yake. "Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inakita mpaka aliyekaa nyuma anashtuka. Nimeambiwa nitafute nyingine."

"Marahaba, mwanangu. Inakita ikiwa ya baridi au ikishapata moto?"

Kijana hakujua. Akaulizwa kama inakita vilevile anapokanyaga mafuta taratibu na anapoyakanyaga kwa nguvu. Hilo nalo hakuwahi kuliangalia. Mzee akafungua boneti, spana hakushika, akaomba funguo na kukaa kwenye usukani.

Ni kwa ajili ya watu wa namna hii napenda kukaa kwenye gereji za Manzese, Dar es Salaam, hata siku ambayo gari langu halina tatizo. Wapo mafundi wanaofungua ili wajue, na wapo wanaojua kwanza ndipo wafungue. Hao wa pili ndio ninaowaandikia, kwa heshima na kwa uchungu pia, maana wanapungua huku tunawatazama.

Mzee alikanyaga breki, akatoa gia N akaweka D, akasubiri idake. Akarudisha N, akaacha gari litulie kwa muda, akarudia. Kisha R. Vitabu vya kiwanda vya Toyota vya zama zile vinataka D idake kabla ya sekunde 1.2 na R kabla ya sekunde 1.5. Yeye hana saa ya kupimia mambo hayo; anahesabu kifuani. D ikichelewa peke yake, shaka yake huenda kwenye klachi ya kwenda mbele. Ikichelewa R peke yake, hufikiria klachi na breki zinazoshika rivasi. Zikichelewa zote mbili, presha ya oili ni ndogo, na hapo hasemi neno mpaka aione oili yenyewe. Kwa Corolla hii zote zilidaka kwa wakati. Akashuka, akamwambia kijana ashike breki na kubadilisha D na R huku yeye akiitazama injini. Injini ingeruka, angejua mauntingi za injini zimekatika na gia boksi inasingiziwa tu. Haikuruka.

Wakatoka barabarani, Barabara ya Morogoro, kuupanda mwinuko wa Kimara. Redio ikazimwa, vioo vikashushwa. Alipokanyaga mafuta kidogo, gari lilichelewa kubadili, injini ikalia, kisha gari likakita kweli. Alipokanyaga kwa nguvu, gia zilipanda bila kishindo chochote cha ajabu. Nilimwona akitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, lakini hakusema, kwa sababu oili ilikuwa bado.

Hapa kwenye oili ndipo ningependa nikae kidogo, maana ndipo ninapouona ustadi wake wote. Gari limerudi likiwa na moto wa barabarani. Limeegeshwa mahali tambarare, injini imeachwa sailensa. Mkono wake unapita kwenye gia zote, P hadi L, kila moja akiipa nafasi ya kujaa, halafu unairudisha P. Anachomoa stiki, anaifuta, anairudisha mpaka mwisho, anaichomoa tena. Kwanza anaangalia kama imefika kwenye alama ya moto, maana stiki ina alama za baridi na za moto, na wengi husoma ya baridi kwenye gari la moto kisha wakapunguza oili iliyokuwa sawasawa. Baada ya hapo anadondosha tone moja kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa hicho hakifuti kitu kingine chochote pale gereji, na hukifua mwenyewe.

Tone lile linaachwa lisambae. Oili nzima husambaa ikiwa nyekundu mpaka ukingoni. Iliyochoka huwa ya kahawia, na iliyoungua huacha doa jeusi katikati huku majimaji yakikimbilia pembeni. Kisha anainusa. Klachi zilizoungua zina harufu kali ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau, na mtu akishaisikia hahitaji kuambiwa kwamba humo ndani kuna kitu kimekwisha. Halafu anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba. Chenga laini nyeusi ni za klachi. Kinachometameta juani ni chuma, na chuma ni habari mbaya zaidi. Mapovu humwambia kwamba mtu alizidisha kiasi. Kuna siku niliona oili iliyotoka ya waridi na nzito kama mtindi. Akasema bila kusita kwamba kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka na maji yamepita. Dada mwenye gari hilo alikuwa amekwisha kubadilishiwa oili mara kadhaa kwingine, na hakuna aliyemwambia habari ya rejeta.

Oili ya Corolla ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu. Gia boksi ilikuwa nzima.

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye ile kebo nyembamba inayotoka kwenye throtoli kwenda kwenye gia boksi. Kwenye waya wake kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa. Mafuta yakikanyagwa mpaka chini, kipande hicho kinatakiwa kibaki pale pale kwenye ncha ya mpira, au kiachane nayo kwa milimita 1 tu. Hiki kilikuwa kimevutwa mbali. Mtu alisafisha throtoli, akairudisha kebo imekazwa kupita kiasi, na tangu siku hiyo gia boksi ikawa inaambiwa kwamba dereva anakanyaga sana wakati anakanyaga kidogo. Ndiyo maana ilichelewa, ndiyo maana presha ilipanda, ndiyo maana ilikita. Ingelegezwa kupita kiasi lingekuwa baya kuliko hili: gia zingebadilika mapema na kwa ulaini wa kupendeza, dereva akafurahi, huku klachi zinateleza na kuungua kimyakimya. Spana zilitoka wakati huo tu, zikalegeza nati mbili, zikazikaza tena.

Kijana alifurahi, lakini nilimwona pia akisita kutoa hela. Alikuwa tayari kulipia gia boksi nzima iliyotoka Japani, na sasa aliona dakika chache za nati mbili kuwa si kazi ya kulipia. Jambo hili linaniuma sana. Tunalipia chuma kinachobebwa na watu wawili, tukikishika na kukiona, lakini miaka iliyomfundisha mtu aache kukibeba hatutaki kuihesabu. Kwa mtindo huo tunawafundisha vijana kwamba fundi mwaminifu atalala njaa.

Miaka hiyo ya kujifunza ina historia yake. Gia boksi ya oto si kitu cha jana. General Motors walianza kuuza Hydra-Matic mwaka 1939 kwenye magari ya Oldsmobile. Kwetu ilikawia. Waliokua na Land Rover na Peugeot 504 walijua klachi ya mguu, na oto ilionekana kuwa ya mabalozi na wakubwa. Milango ya biashara ilipofunguka na mitumba ya Japani ikamiminika bandarini katika miaka ya 1990, mafundi wa Dar es Salaam walikutana na dude lenye vali, mipira ya chuma na njia za oili zilizopindapinda, bila shule na bila mwalimu. Walijifunza kwa kurasa za vitabu vya kiwanda zilizotolewa fotokopi mpaka michoro ikafifia. Walijifunza kwa kuharibu na kulipa. Sioni ni kwa nini elimu ya namna hiyo isiheshimiwe kama ya darasani.

Walijua hata kuzungumza na kompyuta ya gari kabla mashine za kupimia hazijafika mitaani. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi, unaitazama taa ya O/D OFF inavyopepesa. Mara sita, inatulia, mara mbili: 62, solenoidi ya kwanza. Sita na moja: sensa ya mwendo. Mzee bado anao waya wake mfukoni, na baada ya kusoma namba hapeleki mtu dukani. Anapima kwanza nyaya na plagi, kwa kuwa namba inahusu njia ya umeme, na njia ya umeme hukatika popote.

Mashine za siku hizi ni nzuri na sizichukii. Ninachokilalamikia ni macho yaliyohama kutoka kwenye gari na kuhamia kwenye kioo cha mashine. Mashine haijui harufu. Haiwezi kuona vali iliyokwama kwa uchafu ikiwa umeme wake ni mzima. Haijui kwamba juzi mtu alimimina haidroliki yoyote nyekundu aliyoikuta dukani kwenye gari linalotaka oili ya T-IV, au kwenye Nissan ya CVT ambayo oili yake ni nyingine kabisa. Watengenezaji nao wamesaidia kuua desturi: magari mengi ya sasa hayana stiki. Kupima oili lazima uingie uvunguni, ufungue plagi, ujue na joto lake. Kwa hiyo hakuna anayepima.

Matokeo yake yamelundikana nyuma ya kila gereji. Gia boksi zinashushwa kwa sababu ya kebo, kwa sababu ya mauntingi, kwa sababu ya solenoidi moja ambayo ingetolewa kwa kufungua sampo tu. Mahali pake inapandishwa iliyotumika, ambayo hakuna aliyewahi kuipandisha mlima wala kuinusa oili yake. Iliyoshushwa inasubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Ganda lake ni alumini, nayo alumini ya namna hiyo huyeyushwa ikawa sufuria.

Vijana wawili waliokuwa wakijifunza kwa Mzee wameondoka. Mmoja anauza spea, mwingine ameajiriwa kwenye gereji yenye mashine na sare nzuri, na simlaumu, ana mke na mtoto. Aliyebaki ni wa kuosha vyombo na kununua chai. Magari yenyewe yenye kebo na stiki yapo bado, kwa maelfu, yanapanda Kimara kila siku yakikita, na wenyewe wanachangisha hela za gia boksi nyingine.