Alama Fiche Kwenye Picha: Namna ya Kuitambua Iliyo Imara

Anayeficha alama ndani ya picha ya rangi hutaka mambo mawili yanayovutana: isionekane, na isifutike. Kazi nzuri hupimwa kwa yote mawili.

Anza na macho. Ikuze picha mara nne, kisha kagua sehemu laini: anga lisilo na mawingu, ukuta wa rangi moja, shavu la mtu. Alama mbovu hujifichua hapo kwa chembechembe au mistari. Fundi hodari huipunguza nguvu kwenye sehemu hizo na kuizidisha penye majani, nywele au kitambaa chenye nakshi. Kipimo cha PSNR, kinacholinganisha picha yenye alama na ile ya awali, kikipita desibeli 40, kwa kawaida jicho halioni tofauti. Lakini hiyo ni hesabu ya picha nzima, na doa la angani linaweza kujificha ndani yake.

Uliza imefichwa wapi. Njia nyepesi hubadili biti ya mwisho ya pikseli: bluu ya 200 inakuwa 201. Haionekani kabisa, wala haidumu. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya, na biti hizo huvurugika. Kuificha kwenye rangi pekee nako kuna hatari, kwa kuwa JPEG hutunza mwangaza kuliko rangi. Mwaka 1997 Ingemar Cox na wenzake walipendekeza alama itawanywe katika sehemu za picha zenye uzito, ili anayeing'oa aiharibu picha yenyewe. Njia yao ilihitaji picha ya awali wakati wa kuisoma alama. Inayosomeka bila picha hiyo ina manufaa zaidi.

Kisha itese picha yenye alama. Ibane, ipunguze ukubwa, ikate pembeni, izungushe nyuzi mbili. Alama nyingi zinazostahimili kubanwa huanguka kwenye mzunguko huo mdogo, kwa sababu programu ya kusomea haijui tena pa kutafuta. Biti ulizosoma zikilingana na zilizofichwa nusu tu, hujapata kitu. Hata kubahatisha hutoa nusu. Jaribu pia picha isiyo na alama, na ufunguo (siri ya kuisomea alama) usio wake. Programu ya kuaminika itajibu kwamba hakuna alama.

Kabla hujamlipa fundi, mtake aisome alama mbele yako kutoka kwenye nakala uliyoitesa mwenyewe. Akishindwa, kazi bado.