Amri Bila Sababu

Karatasi ya maelekezo inayofuatana na pete za kufungia darubini kwenye bunduki huzungumza kwa amri tupu: weka, kaza, usizidishe. "Kwa sababu" haimo. Ufupi huo una nguvu yake, maana anayekaza skrubu hana subira ya kusoma insha. Ila mpangilio wa amri zenyewe ndio unaonitatiza.

Namba hutangulia. Kwa watengenezaji wengi wa Marekani, skrubu za pete hukazwa kwa inchi-pauni 15 hadi 18, takriban nyutonimita 2. Ni kidogo sana. Mkono uliozoea nati za magurudumu huipita bila kujua. Halafu, chini kabisa, mara nyingi kwa herufi ndogo, linakuja katazo: usitie gundi ya kufungia skrubu kwenye pete. Limewekwa kama jambo alilolikumbuka mgeni akiwa tayari mlangoni, na kumbe ndilo linaloipa namba maana yake. Sehemu kubwa ya nguvu unayozungushia bisibisi huliwa na msuguano wa nyuzi na kichwa cha skrubu. Inayobaki kubana pete ni ndogo. Tia gundi mbichi au mafuta, msuguano upungue, na 18 ileile itabana kupita ilivyokusudiwa. Bomba la darubini kwa kawaida ni aluminiamu, la milimita 25.4, 30 au 34. Likiminywa, gurudumu la kukuza picha huwa zito na vioo vya ndani hukwama. Sentensi ya mwisho, basi, inaisahihisha ya kwanza, lakini msomaji anayekaza huku akisoma ameshamaliza kazi. Mkanganyiko huzidi pale gundi hiyohiyo inaporuhusiwa kwenye skrubu za kitako kinachobeba pete juu ya bunduki, ambazo kwa kawaida hukazwa zaidi.

Iko amri moja iliyoandikwa vizuri: kaza kidogo, hamia skrubu ya upande wa pili kimshazari, kisha rudia duru, huku ukiangalia nafasi kati ya nusu mbili za pete ilingane pande zote. Nyingine zote hukusukuma mbele; hii inakurudisha ulikotoka, na muundo wake unazunguka kama kazi yenyewe. Tena inaamini jicho la fundi, hata asiye na bisibisi ya kupimia nguvu ya kukaza. Mhariri mzuri angeitanguliza hii, aifuatishie katazo la gundi, ndipo aitaje 18.