Maji Yapite, Yasikimbie

Bwawa la samaki la Wundanyi huanzia mbali na pale lilipochimbwa. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda Milima ya Taita, ukungu hunaswa na majani ya misitu kama Ngangao, ukadondoka, na vijito vikateremka mabondeni. Toka enzi za mababu Wataita wameyaongoza maji hayo kwa mifereji na kuyagawana kwa zamu. Mfereji ukilazwa mno, tope hutua. Ukiinamishwa mno, maji hula udongo na kubomoa ukingo. Kuupitisha ubavuni mwa mlima kwa jembe na jicho, maji yafike shambani yakiwa matulivu, ni ufundi ninaouheshimu sana.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Kuchimba ni kazi ya siku chache. Kuyaendesha maji ni kazi ya kila siku.

Na Wundanyi kazi hiyo ina ugumu wake. Tilapia hunawiri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Voi, kule tambarare, joto si shida. Wundanyi iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na mwezi wa Julai kijito ni baridi. Mfugaji akiuachia mfereji mchana kutwa, bwawa linapoa, samaki wanaacha kula, na ule ukijani wa maji ambao ndio chakula chao unachukuliwa na mkondo. Akiufunga kabisa, alfajiri anawakuta wamepanda juu wakihema, kwa kuwa usiku mwani nao hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Basi hutafuta kiasi cha katikati, na kiasi hicho hubadilika kila msimu.

Fundi mzuri hufanya maji machache yatende kazi kubwa. Bomba la kuingizia huliinua juu ya uso wa bwawa na kuweka jiwe bapa chini yake, ili maji yaanguke, yapasuke na kuchukua hewa. Pa kuingilia na pa kutokea hupatenganisha, kona kwa kona. Vikikaribiana, maji mapya hutoka kabla hayajagusana na ya zamani. Kisha hurusha jani kavu na kulitazama linakoelea. Likisimama mahali, hapo pamelala, na uchafu utarundikana.

Kinachonivutia zaidi ni bomba la kutolea. Bomba lililosimama huvikwa jingine pana zaidi, refu kupita uso wa maji, lenye matundu chini tu. Bwawa likijaa, yanayotoka ni maji ya chini, mazito, yaliyoishiwa hewa. Ya juu yenye joto na chakula hubaki. Halina mota wala umeme.

Jicho hilohilo ndilo analotakiwa kuwa nalo anayefuga matumbawe katika tangi dogo la kioo. Huko baharini Kisite-Mpunguti, mbele ya Shimoni, tumbawe limeshikamana na mwamba. Haliendi kutafuta chakula. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mkondo unaogeuka ndio unaolilisha na kuliosha. Tangini, pampu moja yenye nguvu inayolipiga tumbawe upande mmoja huchubua nyama yake na kuacha pembe nyingine zimelala. Pampu mbili ndogo zinazopokezana, mkondo ukigonga kioo kwanza kabla ya kusambaa, zinafaa zaidi.

Nawe ukikusudia kuchimba bwawa bondeni Wundanyi, tega bomba la kutolea kwanza, kwenye kona ya chini kabisa, kabla hujaufungulia mfereji. Bwawa likishajaa, itakubidi ulikaushe upya ndipo uweke bomba hilo.