Upepo wa Kukodi

Filamu ya Albert Lamorisse juu ya nchi ya Iran, iitwayo Le Vent des amoureux, yaani Upepo wa Wapendanao, yasimuliwa na upepo wenyewe. Kwetu sisi walimu wa lugha hili si jambo dogo. Nani asemaye katika kisa, na amesimama wapi anaposema, ni swali tunalowauliza wanafunzi kila muhula. Hapa msimulizi hakusimama mahali popote. Yeye ndiye ule upepo ambao Waajemi huuita saba (si hesabu ya sita na moja, bali jina), na ambao katika ushairi wao huwa tarishi wa wapendanao. Umo pia upepo wa joto, na umo upepo wa shetani. Nasi ambao neno letu “pepo” lina maana zaidi ya moja twauelewa huo upesi kuliko Mfaransa.

Lamorisse, aliyekwisha kupata sifa kwa Le Ballon rouge ya mwaka 1956, hakuchagua msimulizi huyo kwa mapenzi ya mashairi peke yake. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kutoka katika helikopta, na helikopta ni mgeni mwenye makelele. Hutetemesha kamera, ndiyo maana yeye mwenyewe alibuni chombo cha kuituliza, Helivision. Ngurumo yake humeza kila sauti iliyo chini. Ikishuka mno, hutimua vumbi na kutawanya mifugo. Tena hukodiwa kwa saa, mpiga picha awe ameona kitu au hakuona. Mtu aliyebanwa na masharti hayo ataipatia wapi filamu yake sauti? Lamorisse alijibu kwa werevu: aliifuta kelele ya mashine, na mahali pake akaweka maneno ya upepo. Mara ule mwendo wa kamera ukapata mwenyewe. Upepo una haki ya kuingia uani bila hodi, kuzunguka kuba la msikiti, kukawia juu ya kijiji, kisha kuondoka bila kuaga.

Lakini hapo ndipo ninapoachana na wanaoisifu pasipo kizuizi. Upepo wajua kila paa, wala haujui jina la mtu hata mmoja. Watu waonekana, wapita, hawasemi. Kosa hili si la Lamorisse peke yake. Home ya Yann Arthus-Bertrand (2009), iliyopigwa kutoka angani katika nchi zaidi ya 50, ina upungufu uo huo, na kwangu ni mzito zaidi, maana msimulizi wake ni mtu anayetuhubiria, wala hana udhuru wa kuwa upepo.

Kisha yuko mlipaji. Kazi hii iliagizwa na Wizara ya Utamaduni na Sanaa ya Iran. Husimuliwa kwamba wakubwa waliona Iran mpya, ya mabwawa na viwanda, haikuonyeshwa ya kutosha, naye Lamorisse akarudi angani kuongeza picha hizo. Mwezi Juni 1970 helikopta ilianguka penye bwawa la Karaj, si mbali na Tehran, naye akafa. Mjane wake na mwanawe Pascal, yule aliyekuwa mtoto wa Le Ballon rouge, waliiunganisha filamu kwa kufuata maandishi aliyoyaacha. Ikatoka mwaka 1978, na ikateuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Mwaka uliofuata utawala wa Shah ukaanguka.

Nilipowaonyesha wanafunzi wangu sehemu yake, mmoja aliuliza: upepo huo ungepita wapi, kama usingekodiwa? Nilimwambia tuitazame tena, safari hii tukiwa tumefunga sauti.