Upepo Uliotolewa Saa Sita

Mliokuwapo Jumamosi langoni mwa chuo kile cha hapa Kiwanjani mliyaona yote kwa macho yenu, na kwa hivyo sitawachosha kwa kusimulia mashindano ya baiskeli ya wanachuo tangu awali hadi tamati: minyororo ilipakwa mafuta, breki zilishika barabara, na aliyepanga zamu za maji anastahiki shukrani. Lakini ilipotimu saa sita, jua limesimama utosini, msimamizi wa karakana akaamuru kila baiskeli itolewe upepo, mbele na nyuma, ati joto la Isiolo lisije likapasua tairi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, nami nasema hivyo bila ya kumung'unya maneno, kwani amri ile haikuwa na hoja wala dalili.

Mkumbukeni yule kijana wa baiskeli ya gia, aliyekuwa akiongoza. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akafungua kifuniko cha vali, akakibonyeza kile kisindano cha ndani kwa ncha ya msumari, upepo ukatoka kwa mluzi mrefu; akaiminya tairi kwa kidole gumba, akamtazama msimamizi, naye msimamizi akamwashiria aendelee, na upepo ukatoka tena. Hapana aliyeuliza zilikuwamo ratili ngapi, wala zimebaki ngapi. Nimekwisha kuandika mara nyingi, na nitaandika hata mnichoke, kwamba kidole gumba hakijui kusoma: tairi nzito yenye ratili 30 na nyingine kama hiyo yenye ratili 45, chini ya kidole ni mapacha.

Na hilo joto linaloogopwa, hebu tulipigie hesabu. Tairi iliyojazwa asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 20, kwa ratili 50 kwa inchi ya mraba, ikipata moto mchana hadi nyuzi 45, huongezeka ratili 5 hivi tu, maadamu nguvu ya hewa iliyofungiwa hufuata joto lake lote, linalohesabiwa tangu nyuzi 273 chini ya sifuri, na kwa mizani hiyo nyuzi 25 ni nyongeza haba, isiyofika hata sehemu moja katika kumi. Nazo tairi zile zimeandikwa ubavuni, kwa herufi anazozisoma kila mwenye kufuta vumbi, kwamba kiwango chake ni kuanzia 40 hadi 65. Jua lingewaka hadi alasiri, na bado ratili 10 za akiba zingekuwapo.

Kijana yule alipopata pancha, wakasingizia mbigili. Niliuomba ule mpira wa ndani, tukautia kwenye beseni la maji, ukatoa mapovu mahali pawili palipoandamana, upande wa ndani, karibu na rimu. Mwiba, uwe wa mbigili au wa mgunga, aghalabu hutoboa tundu moja, tena kwa upande wa barabara; mipasuko miwili sambamba ni ushahidi kwamba tairi legevu ilikanyaga jiwe, ikabonyea yote, na rimu ikaubana mpira juu ya jiwe lile. Fauka ya hayo, lililotolewa upepo mwingi zaidi ni gurudumu la nyuma, ambalo hubeba kadiri ya asilimia 60 ya uzito.

Kwa insafu, lau msimamizi angetaja mchanga ningemsikiliza, kwa kuwa kwenye mchanga mwingi tairi iliyolegezwa kidogo hukanyaga kwa upana na haizami. Lakini njia yao ilikuwa lami, kisha murram yenye changarawe kali upande wa uwanja wa ndege. Mchanga ulikuwa wapi?

Walimu wa zamani, waliokwenda shuleni kwa Raleigh nyeusi, walikuwa na pampu imepachikwa kwenye fremu, na hapana aliyetoka nyumbani asubuhi bila ya kuijaribu tairi, kwani walijua kwamba mpira hupungua upepo wenyewe, taratibu, hata pasipo tundu. Na David Kinjah, aliyemlea Chris Froome katika baiskeli kule Kikuyu kabla ya kijana huyo kushinda Tour de France mara 4, vijana wake wa Safari Simbaz huwafundisha ufundi wa baiskeli pamoja na kuiendesha. Mwanafunzi wa Kinjah angeambiwa atoe upepo saa sita, angeuliza kwa nini.

Sasa nasikia chuo kinataka kununua tairi mpya, zenye ngozi nene ya kuzuia miiba. Wazihifadhi fedha zao. Pampu ya kukanyagia yenye saa ya kipimo wanayo tayari, nimeiona mwenyewe, imo stoo nyuma ya magunia ya saruji, na ufunguo wa stoo anao msimamizi yule yule.