Ufunguo Mmoja kwa Nyumba Zote

Katika mwaka 1945 kilitolewa huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, kitabu cha Padre Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu. Mwandishi alikaa miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga. Neno lake kuu ni hili: kwa Wabantu kuwako ni nguvu, nayo huzidi au hupungua, sheria, dawa, matambiko na heshima ya wazee vyote vyatoka katika shina hilo.

Twamsifu kwanza. Wakati ule wengi walidhani kwamba desturi hizi hazina maana. Yeye alionyesha kuwa zina fikira zenye mpango. Walakini twaona makosa mawili.

La kwanza, aliyoyasikia kwa Waluba aliyasema kwa ajili ya Wabantu wote. Tuupime ufunguo huo kwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani huja matangani akafanya mzaha juu ya marehemu, wala hapana akasirikaye. Naye huyo huyo husaidia kazi ya mazishi. Nguvu ya uhai haitoshi kutueleza kwa nini makabila haya mawili yapatane hivyo. Yatupasa kuuliza pia habari za misafara ya karne ya 19, iliyotoka Unyamwezi ikapita Uzaramo kwenda pwani. Desturi ina akili yake, tena ina historia yake.

La pili, hakuyachungua maneno ya watu kwa utaratibu. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alianza na ngeli za Kinyarwanda, akapanga mafungu manne: mtu, kitu, mahali na namna. Njia hii ni bora, kwa kuwa kila ajuaye lugha aweza kuipima. Hata hivyo ngeli nazo zaweza kutupoteza. Katika Kiswahili twasema “kipofu amekuja”, si “kimekuja”. Na “simba amelala” kama tusemavyo “mtu amelala”. Je, Mswahili hatofautishi mtu na simba? Sivyo kabisa.

Paulin Hountondji wa Benin aliwakosoa wote wawili kwa kuyafanya mawazo ya watu wengi kuwa wazo moja. Twakubaliana naye. Barazani mzee mmoja hutaja ada, wa pili humkanusha, wa tatu huwapatanisha. Basi, waalimu wenzetu, kabla hatujasema “watu hawa huamini hivi”, na tuulize kwanza: ni nani aliyesema, na ni nani aliyembishia?